Kreti ya Bia na Kilomita 226

Tarehe 18 Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, John Dunbar, askari wa kikosi maalumu cha jeshi la wanamaji la Marekani, alishuka kwenye baiskeli akiwa anaongoza mashindano ambayo hakuna aliyewahi kuyafanya kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameogelea karibu kilomita 3.9 baharini, ameendesha baiskeli kilomita 180 kuzunguka kisiwa, na mbele yake zilibaki kilomita 42 za kukimbia. Njiani wasaidizi wake wakaishiwa maji, na kwa kuwa walichobaki nacho kilikuwa bia, wakampa bia. Gordon Haller, aliyekuwa dereva wa teksi, akampita na kumaliza wa kwanza kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58, naye Dunbar akafika wa pili zaidi ya nusu saa baadaye. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na hiyo ndiyo ilikuwa Ironman ya kwanza.

Hata wazo lenyewe lilizaliwa mezani. Mwaka mmoja kabla, kwenye hafla ya kutoa zawadi za mbio za kupokezana kuzunguka kisiwa hicho, watu waliokuwa wakinywa bia walianza kubishana kama mwenye pumzi zaidi ni mkimbiaji au mwogeleaji. John Collins, ofisa wa jeshi la wanamaji, akachomeka hoja ya waendesha baiskeli, kisha akapanda jukwaani na kupendekeza kwamba mashindano matatu makubwa ya kisiwa yaunganishwe yafanyike kwa siku moja, na watu wakacheka. Kwenye karatasi za maelekezo walizogawiwa washiriki, chini ya umbali wa kila hatua, iliandikwa kwamba atakayemaliza atajigamba maisha yake yote. Mchezo ambao leo una vipima nguvu kwenye pedali, washauri wa lishe na baiskeli zenye bei ya gari dogo ulianza kama mzaha wa watu waliokuwa na glasi mkononi, na nadhani wengi wetu tunaoushiriki tumelisahau jambo hilo.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Franconia, upande wa kaskazini wa Bavaria, mwendo mfupi wa treni kutoka mji mdogo wa Roth, ambako kila mwaka majira ya joto hufanyika mojawapo ya mashindano makubwa zaidi duniani ya triathloni ndefu, yaani mchezo huo huo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Franconia ni nchi ya bia kiasi kwamba hata vijiji vidogo kabisa vinaweza kuwa na mtengenezaji wao wa bia, naye anajulikana kwa jina kama anavyojulikana mchungaji. Kwa hiyo katika mwaka wangu wa mazoezi kuna kuogelea alfajiri, kuna baiskeli ndefu za Jumapili, na kuna mbio ambazo ndani yake watu hunywa. Wenzangu wa klabu ya triathloni huziona mbio hizo kuwa upuuzi wa watu wazima, na wenzangu wa mbio za kunywa huiona triathloni kuwa ugonjwa usio na dawa. Kila upande unadhani kwamba mimi niko upande huo kweli na kwamba kule kwingine ninapita tu.

Ninavyoona mimi, pande hizi mbili ni watani. Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa sana: Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Mzaramo anaweza kumkejeli marehemu, kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na kuwachekesha waliokuwa wakilia, na hakuna atakayemshika shati, kwa kuwa anafanya kazi ambayo ndugu wa damu hawawezi kuifanya. Lakini mtani huyo huyo hahamii nyumbani kwa marehemu, wala hadai fungu katika mirathi. Ruhusa yake ni pana sana na ni ya muda mfupi sana. Mbio za kunywa zikipewa ruhusa ya namna hiyo ndani ya mwaka wa mazoezi mazito, zinafanya kazi nzuri ajabu. Zikiachiwa zihamie nyumbani, zinaharibu mwili, na tena zinaacha hata kuchekesha.

Zenye ukoo wa kuheshimika zaidi ni zile za Hash House Harriers, zilizoanzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na Waingereza waliokuwa wakifanya kazi katika nchi iliyoitwa Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, akiwemo mhasibu Albert Gispert, ambaye aliuawa vitani Singapore mwaka 1942. Baada ya vita, walipotakiwa kuandikisha chama chao rasmi mwaka 1950, waliandika malengo manne ambayo sijaona katiba ya chama cha michezo inayoyashinda: kukuza siha ya wanachama, kuondoa uchovu wa pombe ya mwisho wa wiki, kupata kiu nzuri na kuituliza kwa bia, na kuwashawishi wanachama wenye umri mkubwa kwamba si wazee kama wanavyojihisi. Vikundi vyao sasa vimeenea duniani, na kwetu Afrika Mashariki vipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mimi nilikutana nao Dar es Salaam, kabla sijajua kwamba kuna mtu anaweza kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia siku moja kwa hiari yake.

Utaratibu wao ni wa kiufundi kuliko unavyoonekana. Mtu mmoja au wawili wanaoitwa sungura hutangulia wakimwaga alama za unga kwenye vumbi, kwenye mizizi ya miembe na kwenye kona za kuta, na wengine wote hufuata kama mbwa wa kuwinda. Kila baada ya umbali fulani alama hukatika ghafla, na hapo wenye kasi hutawanyika pande zote kuitafuta njia, mmoja akaishia kwenye uchochoro uliofungwa, mwingine akarudi kutoka kwenye njia ya uongo aliyowekewa makusudi, na wakati huo wanaotembea, wenye watoto na wenye magoti mabovu wanafika taratibu wakiwa wamekamilika. Njia inapopatikana, kelele inapigwa, na msafara unaanza upya ukiwa pamoja. Mwenye kasi huweza kukimbia karibu mara mbili ya umbali wa yule wa mwisho, na bado wakafika kwenye vinywaji kwa wakati unaokaribiana. Ukimwonyesha kocha yeyote mapigo ya moyo ya jioni kama hiyo, ataona vipande vya kasi vilivyochanganyika na vipande vya kupumzika, zoezi ambalo angekupangia yeye mwenyewe kwa saa na filimbi. (Kuhusu unga, mama mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani aliwahi kutuuliza, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: “Nyie wanangu, unga mnaumwaga hivyo, hivi bei yake dukani mnaijua?” Tangu hapo nimependelea chokaa.)

Jambo lililonifunza zaidi, hata hivyo, ni duara la mwisho. Wote husimama kuzunguka, washitakiwa huitwa katikati, na kila aliyetiwa hatiani hunywa kikombe chake mpaka chini huku akiimbiwa. Miongoni mwa makosa makubwa ni kuja na viatu vipya na kuonekana ulikuwa unashindana. Mtu anayeamka alfajiri mwaka mzima ili apunguze dakika chache kwenye kilomita 180 anahitaji mahali pamoja ambapo kufika wa kwanza ni shitaka. Nimewaona wanamichezo wa umbali mrefu wakivunjika si kwa misuli bali kwa kuchoshwa na uzito wa jambo lenyewe: kila mlo umepimwa, kila usingizi una alama, kila safari ya familia inapangwa kufuatana na bwawa la kuogelea. Hao hawakuhitaji wiki nyingine ya kupumzika, walihitaji kuchekwa.

Hapa Ujerumani utani huo una umbo la kreti. Mbio zake huitwa Kastenlauf, na sheria ya kawaida ni kwamba timu ya watu wawili hubeba kreti moja ya bia kwa njia ya kilomita kadhaa, mara nyingi kati ya tano na kumi, na kabla ya kuvuka mstari wa mwisho chupa zote ziwe tupu. Kreti ya kawaida ina chupa 20 za nusu lita, za kioo, na ikiwa imejaa ina uzito unaokaribia kilo 20. Mipini yake imetengenezwa kwa ajili ya kuihamisha kutoka dukani hadi kwenye gari, haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia nayo, kwa hiyo baada ya dakika chache plastiki inaanza kuuma viungo vya vidole na kila mmoja anagundua kwamba mwenzake ana hatua fupi au ndefu kuliko yake. Wakikosana hatua, kreti inayumba, chupa zinagongana, na bia iliyotikisika inalipuka povu mara tu kizibo kinapong'olewa. Wazoefu hufunga mkanda wa kuvukia begani, hubadilishana pande kila kituo, na hukimbia kwa hatua ndogo za haraka, magoti chini.

Kila timu mpya huja na mbinu ile ile, yaani kunywa nyingi mwanzoni ili kupunguza mzigo. Ni hesabu ya kuchekesha, kwa sababu ndani ya kreti kuna lita kumi za bia, na lita hizo haziondoki duniani zinapomezwa. Zinahama tu kutoka mkononi kwenda tumboni, ambako hubebwa vibaya zaidi. Chupa tupu nazo hazitupwi njiani, kwa kuwa sheria inataka zifike, na kwa kuwa Mjerumani hawezi kuitupa amana ya chupa hata akiwa amelewa: senti 8 kila chupa na euro 1.50 kwa kreti yenyewe.

Sasa nipige hesabu isiyochekesha. Lita tano kwa mtu mmoja, za bia yenye asilimia 5 ya kileo, zina karibu gramu 200 za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu saba hadi kumi kwa saa, na halisikii ombi wala kahawa, wala maji baridi ya kuoga. Maana yake ni kwamba anayemaliza sehemu yake ya kreti Jumamosi saa kumi jioni anaweza kuamkia Jumapili mchana akiwa bado na kileo mwilini. Kiwango hicho si cha mzaha, ni cha hospitali, na ndiyo maana timu yetu haifuati sheria ya watu wawili. Tunabeba kreti kwa zamu tukiwa wanne, nusu ya chupa ni za bia isiyo na kileo, na yeyote anaruhusiwa kumpa mwenzake chupa yake bila kuulizwa sababu. Timu nyingine hutuzomea tunapopita. Tunazomewa na watu ambao nusu saa baadaye tunawapita wakiwa wamekaa ukingoni mwa barabara.

Kuna aina ya tatu, maarufu zaidi mtandaoni, nayo ni maili ya bia. Sheria zake zilipangwa na wanafunzi wanariadha wa Kingston, Ontario, nchini Kanada: mizunguko minne ya uwanja, na kabla ya kila mzunguko kopo moja la mililita 355 lenye kileo kisichopungua asilimia 5, anayetapika huongezewa mzunguko mmoja wa adhabu. Asiyewahi kujaribu hudhani kwamba adui hapo ni pombe, lakini kileo hakijafika kichwani kabla mbio hazijaisha. Adui ni gesi. Mzunguko wa pili unauanza ukiwa na puto chini ya mbavu, kiwambo cha kupumulia hakina pa kushukia, na anayejua kupiga mbweu huku anakimbia bila kupoteza hatua ana faida kuliko mwenye mapafu makubwa. Ndiyo maana wenye uzoefu huchagua bia isiyo baridi, kwa kuwa iliyopata joto huachia gesi mapema inapofunguliwa na haikabi koo.

Huku ndiko nilikoona utani ukipotea kwa njia ambayo sikuitarajia. James Nielsen wa Marekani alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika tano, mwaka 2014, kwa dakika 4 na sekunde 57. Baadaye akaja Corey Bellemore wa Kanada, mkimbiaji mwenye kiwango cha juu hasa, ambaye mwaka 2018 huko Vancouver alikimbia kwa dakika 4 na sekunde 24.4, kisha akaondolewa kwa sababu mabaki ya bia kwenye makopo yake yalipopimwa yalizidi kiwango kinachoruhusiwa, mililita 118 hivi, kwa kiasi cha mililita 15, yaani kijiko kimoja cha mezani. Mwaka 2021 alirudi na kuweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 28.1. Ninamheshimu sana kama mwanariadha, lakini ninapowaza waamuzi wakimimina povu kwenye kikombe cha kupimia ili kuamua nani ni bingwa, naona kwamba mtani amevishwa joho la hakimu. Mbio za kunywa zinazohitaji kocha zimekuwa triathloni nyingine, na mimi triathloni ninayo tayari.

Anayeshangaa bia na ustahimilivu kukaa meza moja aangalie mabango ya mashindano yenyewe. Marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi kwa miaka mingi ilibeba jina la bia mbele ya jina la mlima. Mashindano ya kwanza ya Ironman ya nusu umbali katika Afrika Mashariki yalifanyika Agosti 2022 Rubavu, Rwanda, watu wakiogelea katika Ziwa Kivu, kwenye mji ambao kabla ya hapo ulifahamika na wengi kwa sababu kiwanda cha bia cha Bralirwa kimekuwa hapo tangu miaka ya 1950. Na Roth, kwenye kijiji cha Eckersmühlen, njia ya baiskeli hupita katikati ya mabenchi ya watazamaji walioupa upande huo jina la Maili ya Bia, ambao kabla ya saa tatu asubuhi wameshainua glasi zao, nasi tunapita tukinyonya vifuko vya sukari. Kilomita nyingi baadaye, kwenye mlima wa Solarer Berg, umati unabana barabara mpaka unabaki uchochoro wa baiskeli moja, na pumzi zao zenye harufu ya shayiri zinakusukuma kupanda. Siku hiyo wao ndio walevi na mimi ndiye niliye makini, Septemba tunabadilishana.

Swali ambalo wanamichezo wenzangu huniuliza kwa sauti ya chini ni kiasi gani cha mazoezi huharibika. Utafiti ninaoutegemea zaidi ulichapishwa Australia mwaka 2014 na Evelyn Parr na wenzake. Walichukua wanaume wanane wenye mazoezi, wakawainuisha vyuma na kuwaendesha baiskeli kwa vipande vya kasi, kisha wakawanywesha kileo cha gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ujenzi wa protini za misuli ulipungua kwa asilimia 24 hata pale walipopewa protini ya kutosha pamoja na pombe, na kwa asilimia 37 walipopewa wanga badala ya protini. Kwa mtu wa kilo 70 kipimo hicho ni gramu 105 za kileo. Maili ya bia nzima ina gramu 56 hivi, karibu nusu yake, na sehemu kamili ya kreti ni karibu mara mbili yake. Hapo ndipo inapoonekana kwamba vitu vinavyoitwa kwa jina moja la mbio za kunywa havilingani kabisa kwa uzito.

Usingizi nao una deni lake. Saa za mkononi ambazo sisi wa triathloni tunazivaa hata bafuni huonyesha vizuri: usiku wa bia kadhaa, mapigo ya moyo hayashuki mpaka alfajiri, na usingizi wa ndoto unakatwakatwa. Pombe pia huizuia homoni inayoambia figo zihifadhi maji, kwa hiyo mwili uliotoka jasho kwa saa tano na kisha ukapokea bia badala ya maji na chumvi unaendelea kukauka wakati mwenyewe anadhani anakata kiu. Juu ya hayo, moyo. Mwaka ule ule wa 1978 ambao Dunbar alipewa bia barabarani, daktari Philip Ettinger na wenzake walieleza kwenye jarida la moyo hali waliyoiita moyo wa sikukuu, yaani mapigo yanayokosa mpangilio kwa watu waliokunywa sana kwa muda mfupi. Mapigo ya namna hiyo huonekana pia zaidi kwa wanaume waliofanya michezo ya ustahimilivu kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwenye umri kama wangu anayejiona salama kwa sababu ana pumzi ya kukimbia marathoni ajue kwamba kwenye jambo hili pumzi haimkingi.

Lakini hesabu inayonisumbua zaidi haihusu mbio hata kidogo. Chukua mwanamichezo makini asiyewahi kugusa kreti wala kopo la uwanjani, ambaye baada ya kila zoezi refu hunywa bia mbili za nusu lita kwa sababu amezistahili. Hizo ni gramu 40 za kileo. Akifanya hivyo jioni tatu kwa wiki, kila wiki anapitisha gramu 120, tena katika zile saa chache ambazo misuli yake ndiyo inajengwa upya na akiba ya wanga ndiyo inajazwa. Akifika Julai atakuwa amekunywa bia nyingi kuliko mimi na timu yangu yote, bila kucheka hata mara moja. Bia ya mbio ina tarehe, ina mashahidi na ina mwisho. Bia ya zawadi haina hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo inayohamia nyumbani.

Kutokana na hayo nimejipangia mwaka ambao mkali wa klabu anauona una ulegevu na mlevi wa kreti anauona una ubahili. Kuanzia Machi mpaka mstari wa mwisho wa Roth sinywi baada ya mazoezi, na mbio za kunywa sikanyagi. Kipindi hicho kina mtego mmoja mkubwa, nao ni Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, ambayo Wajerumani huifanya siku ya akina baba na wanaume huenda matembezini wakivuta vigari vilivyojaa bia; huangukia wiki chache tu kabla ya mashindano, wakati ambapo mazoezi ndiyo mazito kuliko yote. Siku hiyo ninaendesha baiskeli ndefu, na ninapoyapita makundi hayo porini ninasimama kuwasalimu, ninapokea matusi ya kirafiki, na ninaendelea. Kreti ni ya Septemba. Maili ya bia nimeiacha kwa wenye matumbo ya vijana. Mbio za kufuata unga ninazifanya ninapokuwa likizo Dar es Salaam mwezi wa Desemba, ambako kikombe kimoja cha duara hakijawahi kumdhuru mtu anayejua kusimama kwenye kimoja.

Siku ya kreti haifuatiwi na zoezi. Hili ninalisisitiza kwa sababu kuna ushujaa wa kijinga unaopendwa sana na watu wa ustahimilivu, wa kuamka na uchovu wa pombe na kutoka kwenda kukimbia ili kuutoa kwa jasho. Jasho halitoi kileo kwa kiasi cha maana. Ini ndilo linalokitoa, kwa mwendo wake lenyewe, wewe ukiwa unakimbia au umelala. Vilevile hakuna anayeondoka kwa baiskeli. Sheria ya Ujerumani humhesabu mwendesha baiskeli kuwa hafai kabisa kuendesha akifikisha gramu 1.6 za kileo kwa kila kilo ya damu, na anaweza kuadhibiwa hata chini ya hapo akionekana anayumba, lakini hata bila sheria ningesema hivyo hivyo. Na maji, iwe ziwa au bwawa, hayaingiwi siku hiyo hata kwa kulowesha miguu. Kati ya michezo yetu mitatu, kukimbia ndiko pekee ambako mlevi huanguka akaishia na magoti yaliyochubuka.

Yupo pia mtu ambaye haya yote hayamhusu, yule ambaye kikombe cha kwanza kwake si cha kwanza bali ni mwanzo. Timu yetu ilikuwa na mwenzetu wa namna hiyo, na alipotuambia, tulichofanya ni kubadilisha kreti nzima kuwa ya bia isiyo na kileo kwa mwaka ule. Hakuna aliyekosa kicheko. Tulijifunza kwa njia hiyo kwamba gesi, povu, kreti na hatua zisizolingana ndizo zinazochekesha, na kileo ni mgeni tu aliyepata sifa isiyo yake.

Bia isiyo na kileo, kwa bahati, ina heshima yake hapa. Kwenye mashindano mengi ya Ujerumani ndiyo unayopewa ukivuka mstari, na Johannes Scherr na wenzake wa Munich waliipima kwa wakimbiaji wa marathoni, wakanywa lita moja hadi moja na nusu kwa siku kwa wiki tatu kabla ya mbio na mbili baada yake. Matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha uvimbe wa ndani ya mwili ukiwa umepungua na mafua baada ya mbio yakiwa machache kuliko kwa wale waliopewa kinywaji cha kulinganishia. Rafiki yangu mmoja wa Zanzibar, ambaye hanywi pombe na hajawahi kunywa, hata hiyo haigusi, kwa sababu anasema jina na harufu vinatosha kumkosesha amani. Yeye hukimbia nasi akiwa na chupa zake za malta zilizopangwa kwenye pembe ya kreti, tamu kama togwa iliyotiwa sukari mara mbili, na ndiye pekee kati yetu anayefika mwisho akikumbuka njia tuliyopita.

Ndiye pia aliyetuletea mgogoro ambao mpaka sasa haujaisha. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye mikono isiyotetemeka, kila Septemba sisi wengine tunapofika nusu ya njia humwachia zamu ndefu zaidi za kubeba, na mwaka jana alibeba karibu sehemu yote ya mwisho huku upande wa pili tukipokezana kwa kupepesuka. Safari hii ametuandikia mapema, kwa Kiswahili kilichonyooka na kwa salamu zote, kwamba ama zamu zihesabiwe kwa mita au tutafute mchukuzi mwingine. Tumekubali mita. Sasa tunabishana nani atakayezihesabu.